Nafasi ya Nne

Shuleni, Muleba
9 Februari 2025

Baba mdogo Avit,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Miembeni, na kwamba umeme haukatiki kila unapoketi kufanya kazi. Mimi ni mzima, ila nimechoka kidogo, kwa sababu kidato cha tatu kina masomo mengi na maji tunayafuata mbali. Mama hajambo, nilimwacha akichambua maharage. Agnetha ameng'oka jino na sasa hataki kucheka mbele ya watu.

Simu haziruhusiwi hapa, kwa hiyo nitakuandikia. Barua zinapita kwanza kwa matroni. Amesema yangu haina tatizo mradi nisiandike habari za wavulana.

Yale ya kuandika programu uliyonifundisha likizo ya Desemba sijayasahau. Kompyuta za shule bado zimefunikwa kitambaa, kwa hiyo nafanya mazoezi kwa kalamu. Nimeandika orodha iliyofungwa, ile isiyopokea jina ambalo halikutajwa, ya vyakula vyetu: uji, ugali, makande. Halafu nikaandika skrini kama ulivyosema: tusiiamuru simu ichore hiki kisha kile, bali tuseme skrini iweje, tuipe orodha, nayo ipite jina kwa jina na kuchora kitufe kwa kila jina. Rafiki zangu walipoiona walisema orodha hiyo imefungwa kweli, haitapata jina jipya mpaka tumalize shule.

Sasa jambo lenyewe. Mzee wetu wa ukoo, Karugendo, alimwambia Mama kwamba ukoo umekupa kazi ya kutengeneza programu ya simu, ya kuandikisha watu wa ukoo na vibanja vyao vya migomba. Nilifurahi kusikia ni wewe. Alisema pia kwamba kwenye kikao cha Septemba, musika wa marehemu Tata, mrithi wa baba yangu, atakalishwa kwenye kiti chake, na ndiye atakayekishika kibanja chetu cha Buganguzi. Tata aliacha watoto wawili tu, mimi na Agnetha. Naomba uniambie, katika programu hiyo, orodha ya warithi umeiandikaje?

Mwanao,
Alistidia


Miembeni, Bukoba
30 Machi 2025

Mwanangu Alistidia,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipata mapema, ikakaa juu ya meza chini ya chaja. Mvua inanyesha hapa kila siku na umeme unakatika vilevile. Macho yananiuma. Mchana natengeneza simu za watu zilizoingia maji, jioni naandika programu ya ukoo, na Jumapili nalala hata misa inanipita. Usimwambie mama yako hilo la misa.

Salma, yule dada tunayekodi naye chumba cha kazi, anakusalimu. Yeye anashona sare za shule, na cherehani yake ndiyo redio yangu.

Umeuliza orodha. Ina majina matatu, kama mzee Karugendo alivyonipa: Musika, ambaye ndiye mrithi mkuu, halafu Mainuka na Kyagati, watoto wa kiume wanaopata mafungu madogo. Skrini inapita orodha yote na kuchora vitufe vitatu. Wewe unaijua kazi hiyo, hakuna la ajabu.

Mimi ni fundi tu, Alistidia. Wao wanataja majina, mimi naandika. Soma hesabu, ndiyo itakayokutoa. Mwambie Agnetha jino jingine litaota.

Baba yako mdogo,
Avit


Shuleni, Muleba
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Baba mdogo,

Shikamoo, na Pasaka njema inayokuja. Pole kwa macho. Matroni anasema ukiyaosha kwa maji ya baridi asubuhi yanapata nafuu. Nilipata alama nzuri za hesabu, na za fizikia si mbaya. Msalimie dada Salma.

Wiki iliyopita tulipewa mapumziko mafupi nikaenda nyumbani. Mzee Karugendo alikuwa ametoka pale. Nilimuuliza Mama walizungumza nini, akasema nimsaidie kumenya ndizi. Niliuliza tena, akasema shule imenifundisha kuuliza sana. Usiku huo hakula.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimeichora skrini yako kwenye daftari, mistari michache tu:

orodha Nafasi: Musika, Mainuka, Kyagati
kwa kila nafasi katika Nafasi zote: chora kitufe

Halafu nikajifanya mimi ni yule anayeandikishwa. Nikaandika jina langu, jina la Tata, kijiji. Ikafika mahali pa kuchagua nafasi yangu. Nikatazama vitufe vitatu. Hakuna ninachoweza kubonyeza, na programu haiendelei mpaka nibonyeze.

Sikulaumu. Skrini haikukosea, imechora yote iliyopewa. Nauliza tu kama mwanafunzi wako: mimi nakaa wapi?

Alistidia


Miembeni, Bukoba
15 Juni 2025

Alistidia mwanangu,

Nampa barua hii dereva wa lori la kahawa anayekuja huko, kwa kuwa najua mmefunga shule. Salamu kwa mama yako. Mwambie sitafika Buganguzi likizo hii, kazi ni nyingi. Natumaini kahawa imeiva vizuri na kwamba mmepata watu wa kuchuma.

Swali lako lilikuwa zuri. Nimeongeza nafasi ya nne, inaitwa Wengineo. Watakaa humo wote wasio na nafasi nyingine: mabinti, wake, wajukuu. Sasa utaweza kubonyeza na kuendelea. Usimwambie mzee kwamba imetoka kwako. Anadhani ni mapambo ya kiufundi.

Nimechoka, mwanangu. Niandikie habari za shule.

Avit


Shuleni, Muleba
20 Julai 2025

Baba mdogo Avit,

Shikamoo. Tumerudi shule salama. Kahawa ilikuwa ya wastani, tulichuma wenyewe. Agnetha amepata jino na sasa anacheka hata pasipo sababu. Mama anakohoa kidogo asubuhi.

Dereva wa lori alifika, barua niliipata. Siku chache baadaye mzee Karugendo alikuja na simu mpya kuijaribu programu yako nyumbani kwetu. Aliketi barazani, akavaa miwani, akamwandikisha Tata kuwa marehemu. Kisha akaniandikisha mimi, akabonyeza Wengineo. Agnetha naye Wengineo. Mama naye. Alisema fundi wetu ana akili, ametupatia kapu la kuwekea kila kitu.

Halafu akafungua skrini ya urithi. Sisi hatukuwepo. Programu ilipita orodha, ikakuta Musika hakuna, Mainuka hakuna, Kyagati hakuna, na Wengineo ikawaruka. Ikatafuta mwanamume wa karibu na kumpendekeza. Iliandika: Avit Kaijage, mdogo wa marehemu.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Mzee akasema, "Hata mashine inajua."

Baba mdogo, nilisimama pale nikiangalia jina lako. Sikuwa nimejua kwamba kibanja kikitoka kwetu kinakwenda kwako. Labda nilipaswa kujua. Barua zako zote hazikusema.

Nakukumbusha jambo moja ulilonifundisha. Ulisema kila mahali tunapoamua kitu, tujibu kwa kila jina lililomo kwenye orodha. Jina moja likikosa jibu, kompyuta inagoma, na huko kugoma ni msaada. Lakini ukiandika "na mengine yote, yapite", haiulizi tena. Ulisema huo ni uvivu wa fundi aliyechoka.

Naomba uondoe Wengineo. Andika Binti. Uone itakuuliza nini.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
24 Agosti 2025

Alistidia,

Sina salamu nyingi leo. Mama yako anywe maji ya tangawizi. Salma ni mzima.

Nimefanya ulivyosema. Nilifuta Wengineo, nikaandika Binti. Skrini ya kwanza sikuigusa kabisa, lakini nilipoifungua, kitufe chako kilikuwa kimeshajichora, sawa na vingine. Ile skrini haijui majina, inajua tu kupita yote.

Kisha nikaenda kwenye maamuzi, na huko kote ikawa mistari myekundu, kompyuta ikigoma na kuuliza. Binti aonekane kwenye kikao? Binti aweke saini? Binti akiolewa, jina lake libaki? Akizaa, watoto wake waandikwe wapi? Kazi hii ninayo tangu mwaka jana, na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Nikayajibu moja moja. Moja limebaki: marehemu akiacha mabinti tu, nani musika? Nimeliacha jekundu. Programu haifunguki.

Salma alinikuta nimekaa hivyo akauliza kuna msiba gani. Nilipomweleza alicheka mpaka pini zikamdondoka. Akasema, "Kwetu binti ana fungu lake. Dogo, lakini limeandikwa. Ninyi mlikuwa hamna hata kitufe."

Sasa nikujibu ambalo hukuuliza. Ndiyo, mzee Karugendo aliniambia tangu msibani kwamba kibanja kitakuja kwangu. Sikukataa. Fungu nililopewa na babu yako liliuzwa ili nisome, na baba yako ndiye aliyenitafutia mnunuzi, akisikitika. Mimi ni mtu wa chumba cha kupanga. Nikienda kwenye harusi za ukoo wananiuliza nitazikwa wapi, na wanacheka, nami nacheka. Nilitaka mahali pa kujenga nyumba yenye mgomba mlangoni. Sikufikiria kuwafukuza. Nilifikiri mtaendelea kukaa, kwa ruhusa yangu. Nilipoyaandika maneno hayo, "kwa ruhusa yangu", ndipo nilipoona yalivyo.

Sijui nitaandika nini kwenye mstari ule.

Avit


Shuleni, Muleba
7 Septemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako matroni aliisoma, akanipa, kisha akaniruhusu nisiende kuteka maji.

Asante kwa kuniambia. Nilikasirika siku ya kwanza. Siku ya pili nilikufikiria kwenye harusi, ukicheka.

Nami kuna jambo sikukuandikia. Mama ameshaanza kuhamisha vitu kwa kaka yake, kidogo kidogo, ili siku ya kuambiwa aondoke asionekane amebeba mzigo. Ameshapeleka vyungu na picha ya harusi yao. Mimi na Agnetha tunajifanya hatuoni ukuta ulivyobaki.

Mwalimu wa uraia anasema sheria ya nchi inamruhusu mwanamke kumiliki ardhi. Nilimuuliza kama ukoo unaijua sheria hiyo, akasema nimalize kunakili.

Sitakuambia uandike nini. Wewe ndiye fundi, na jina lililo kwenye skrini ni lako. Nakuombea.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
5 Oktoba 2025

Mwanangu Alistidia,

Nakusalimu wewe na matroni wako. Nimepumzika siku mbili, ndiyo nimeweza kushika kalamu. Mkono wangu umezoea kuchapa, utanisamehe mwandiko.

Kikao kilifanyika Nshamba, nyumbani kwa mzee Karugendo. Watu walijaa. Walifunga shuka jeupe ukutani, nikaunganisha mashine ya kuonyeshea picha, programu ikafunguka. Ilifunguka, maana yake nilikuwa nimeshalijibu lile swali. Nililijibu asubuhi ile kabla ya kupanda gari. Niliandika: wakiwapo mabinti peke yao, musika ni binti mkubwa. Ni mstari mfupi kuliko nilivyoogopa.

Vitufe vinne vikatokea kwenye shuka. Mzee akauliza cha nne ni cha nani, nikasema ni cha mabinti. Mtu mmoja nyuma akauliza kama sasa wataolewa na simu, watu wakacheka sana. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake karibu na mlango, hakuinua uso.

Mzee aliponyamazisha watu aliniambia kwa upole, na upole wake ndio unaouma, "Avit, tulikupa majina matatu. Kaisiki, mtoto wa kike, huolewa akaenda zake. Kibanja hakiendi."

Nikasema, "Waitu mzee, huyu hajaenda popote. Yuko shule, Muleba."

Akasema tuache mambo ya simu, tufanye la ukoo. Kiti cha baba yako kilikuwa kimeletwa kutoka Buganguzi na kuwekwa katikati, kama inavyofanywa. Akaniita nikalie mbele ya wote, niwe musika wa kaka yangu Datius. Unajua desturi: ukishakalia, imekwisha, hata uwe umejutia kabla hujafika mlangoni. Nilisogea mpaka pale. Wakadhani nakwenda kukaa. Hata mimi, kwa hatua moja au mbili, sikuwa na uhakika.

Nilishika mgongo wa kiti nikasema, "Kiti cha kaka kina mtu. Mimi siwezi kumkalia."

Mzee alisema kiti kirudishwe kikiwa kitupu, na ukoo utatafuta fundi mwingine anayejua kuandika anachoambiwa. Walinirudishia waya zangu kwenye mfuko wa rambo. Hakuna aliyenikaribisha chakula, ila wanawake walinifungia ndizi kwenye jani nile njiani.

Kwa hiyo usifikiri tumeshinda. Programu imebaki kwangu, hakuna anayeitumia. Musika hajakalishwa, na mwaka kesho wanaweza kumtafuta mwanamume mwingine wa mbali zaidi. Lakini Jumatatu nilikwenda na mama yako kwa mtendaji wa kijiji. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mimi, mdogo wa pekee wa marehemu, sina dai lolote, na kwamba kibanja ni cha watoto wake, mama yao akikishika mpaka wakue. Mtendaji aliuliza mara mbili kama sijalazimishwa. Amepiga muhuri.

Nimechoka, lakini si kwa namna ile ya zamani. Soma hesabu.

Avit


Shuleni, Muleba
2 Novemba 2025

Baba mdogo Avit,

Shikamoo. Senene wameanza kuanguka, na usiku mabweni yote yanatoka nje chini ya taa mpaka matroni anapiga kengele. Mimi pia nilitoka. Natumaini na huko Bukoba wapo, na kwamba dada Salma amekukaangia.

Barua yako niliisomea nyumbani, tulipopewa ruhusa ya siku za mapumziko. Niliwasomea Mama na Agnetha kwa sauti. Mama alikuwepo kikaoni lakini alitaka kusikia tena ulivyosema. Nilipomaliza alilia, kisha akauliza, "Sasa yeye atakaa wapi?" Hilo hukuliandika.

Nimelifikiria tangu siku hiyo, hata kwenye kipindi cha kemia. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyeshushwa mzigo ambao mabega yake bado yanausikia. Tumepata, na wewe umebaki na waya kwenye mfuko wa rambo. Watu wa ukoo hawakusalimii vizuri, Mama ameyasikia sokoni. Mzee Karugendo anapita barabarani bila kugeuza shingo.

Nilimuuliza Mama musika hufanya nini hasa, mbali na kukalia kiti. Alisema Tata alipokalishwa, jambo la kwanza alitembea kwenye kibanja chote na babu zetu wa jirani, akawaonyesha ndugu wa ukoo kila mmoja atakaa wapi, kwa sababu musika hapewi ardhi ili aimalize peke yake. Alisema wewe ulikuwa mdogo, ulimfuata nyuma ukila miwa.

Asubuhi iliyofuata mimi, Mama na Agnetha tulitembea kwenye kibanja chote. Hakukuwa na wazee wala mashahidi, tulikuwa sisi watatu na umande. Upande wa juu, karibu na barabara, chini ya mibuni ile iliyozeeka, pana mahali tambarare. Mtandao unashika vizuri pale, nilijaribu kwa simu ya Mama. Migomba ipo pande mbili, kwa hiyo mlango ukiuelekeza vizuri utakuwa na mgomba mbele yake. Mama alikata vijiti vinne, Agnetha akavipigilia kwenye pembe kwa jiwe. Anasema nyumba yako iwe na dirisha kubwa barabarani, yeye auzie maandazi hapo. Nilimwambia hilo mtazungumza wenyewe.

Ni mahali pako. Hukuniomba, na sijui kama ukoo utaniita kwa jina la musika mwaka kesho au lini. Lakini musika huanza kwa kuwaonyesha ndugu mahali pa kukaa, na mimi nimeshakuonyesha. Njoo ujenge.

Ni mimi,
Alistidia, mtoto wa Datius